Ombi la Cheti cha Mtu Asiyemeza Dawa

Kwa Mheshimiwa Daktari Mkuu wa Hospitali,
Kupitia kwa Muuguzi wa zamu, ambaye ameahidi kutoisoma.
Kutoka wodi ya upasuaji ya wanaume, kitanda cha dirishani.

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazowezekana kwa mtu aliyelala chali. Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana huku kwetu wagonjwa tumeshatosha, na ukiugua na wewe hatutakuwa na mtu wa kumlalamikia.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani ya miguu, karakana ndogo inayopakana na ya seremala, na ngiri. Cherehani na karakana nilivipata kwa jasho langu. Ngiri nayo niliipata kwa jasho hilohilo, siku niliposhindana na vijana kunyanyua kabati la seremala. Ngiri ndiyo iliyonileta hapa kwako na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mfamasia wako, yule binti mwembamba mwenye sauti ya taratibu, anayezunguka wodini akituuliza sisi wagonjwa wapya tunatumia dawa gani nyumbani.

Kabla sijaanza kulalamika, inafaa ujue unashughulika na nani. Mtaani kwetu naitwa Chuma. Jina hilo sikujipa. Nilichofanya ni kulirudia mbele za watu mpaka wakalizoea. Sababu yake ni kwamba tangu nianze kuota ndevu nimekuwa nikitangaza kuwa sijawahi kumeza kidonge. Kwenye benchi la nje ya karakana ya seremala, ambako wanaume wa mtaa hukutana jioni kuiendesha dunia, mimi ndiye mwenyekiti wa mambo ya afya. Mtu akitoa kidonge mfukoni, namcheka. Akikohoa, namweleza habari za kutembea kwa miguu na kulala mapema. Walimu wa shule ya msingi waliwahi kunialika niwahutubie watoto juu ya mwili usioijua dawa. Nilihutubia vizuri sana, watoto wakanipigia makofi, na niliporudi nyumbani kichwa kikinigonga kwa jua na kwa yale makofi, nikafungua kopo.

Hilo kopo nitalifikia.

Kwa hiyo naomba unaposoma ukumbuke kwamba huyu si mgonjwa tu, ni mtu mwenye jina lake. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba niliulizwa swali lilelile baada ya kulijibu.

Binti alivuta kiti akakaa. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Wauguzi wako husimama, na anayesimama ana haraka, na mwenye haraka hudanganyika. Huyu alikaa kama mteja anayesubiri suruali yake iishe. Akaniuliza kama kuna dawa ninazotumia. Nikamjibu hakuna, kwa sauti ileile ya kwenye benchi, ili na wagonjwa wengine wafaidike.

Mtu mwenye adabu angeandika "hakuna" akahamia kitanda cha pili. Yeye aliitikia kwa kichwa, akauliza kama kuna kitu ninachokunywa nikikosa usingizi. Nikasema hicho si dawa, hicho ni cha usingizi. Akaandika. Akauliza je, kichwa kikiuma? Nikamwambia cha kichwa kila mtu anameza, hakihesabiki. Akaandika. Kisha akaja na cha kupaka, cha kudondoshea machoni, cha kunusa, cha kuchanganya na chai, cha kununua kwa mtu anayepita na begi, cha kupewa na jirani, na kilichobaki mtoto alipopona. Nikamwambia vile vya rangi mbili ni vya mtoto kweli, lakini mtoto ameshaoa, na mimi navimaliza tu ili visiharibike.

Maswali haya, Mheshimiwa, yamekatwa kwa ujanja na fundi anayejua kazi yake. Kila kipande ni kidogo na hakina madhara. Unakuja kushtuka vimeshaunganishwa na umeshavishwa. Alipofika kwenye dawa za minyoo alikuwa amegeuza ukurasa, na mimi nilikuwa bado nasisitiza kwamba situmii dawa.

2. Kwamba ushahidi ulichukuliwa nyumbani kwangu bila ridhaa yangu.

Binti aliomba mke wangu apigiwe simu, aje na kila ninachomeza, hata kama hakina jina. Nikapinga. Nilipomaliza kupinga, wale wawili walikuwa wameshaagana kwenye simu. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako nadhani walikuwa wamemtembelea fundi nguo.

Mama watoto alikuja na kopo la vifungo, kumbe alilijua siku zote. Inabidi nieleze. Karakanani kwangu watu wanapekua kila kitu: droo ya chaki, boksi la zipu, hata mfuko wa koti nililovua. Lakini hakuna anayefungua kopo la vifungo, kwa sababu hakuna anayehitaji kifungo kwa siri. Ndiyo maana vidonge vyangu vyote nilivihifadhi humo. Navijua kwa umbo. Vya presha, ambavyo kwa kweli ni vya mke wangu na mimi humsaidia tu siku wateja wakiniudhi, vinalingana na vifungo vya shati la mtoto. Vya vidonda vya tumbo ni saizi ya kifungo cha mkono wa koti. Kwa utaratibu huu nimeishi kwa amani, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba ameshonewa kidonge.

Binti alitandika karatasi kwenye kile kimeza cha kulia chakula, akamimina kopo, akaanza kutenga. Vifungo huku, vidonge kule.  Mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva wa lori aliyepasuliwa jana yake, aliomba aongezewe mto ili aone vizuri. Binti akaokota kimoja cheupe, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza hiki ni cha nini. Nikamjibu bila kusita kuwa hicho ni cha presha. Akanigeuzia nikaona matundu mawili.

Aliniuliza kwa upole kama hivi navyo huwa nameza. Mheshimiwa, sina hakika. Ninachojua ni kwamba kuna siku nilimeza kimoja baada ya ugomvi na mteja wa gauni, moyo ukatulia kabisa, na naomba jambo hilo lizingatiwe kitaalamu. Dereva wa lori alicheka mpaka muuguzi akaja mbio kuangalia mshono wake. Kwa kuwa nilikuwa hapohapo na mimi niliuangalia. Daktari aliyemshona ana mkono mzuri, ila mwisho wa uzi haukazi. Hilo si lalamiko, ni ushauri wa bure kati ya mafundi.

3. Kwamba mambo ya chumbani yalijadiliwa mbele ya shemeji.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ndiye aliyemleta mama watoto kwa gari, na kwa bahati mbaya alikuwa na muda. Chini kabisa ya kopo kulikuwa na kichupa cha unga wa majani niliouziwa na mtu wa stendi, aliyeniapia kwamba unatibu magonjwa arobaini. Binti akaniuliza mimi nautumia kwa lipi kati ya hayo arobaini. Nikasema mgongo. Akasubiri. Ana tabia ya kusubiri, huyu binti, anakutazama tu bila hasira huku kalamu imetulia, na naomba tabia hiyo ichunguzwe na mamlaka husika, kwa sababu mtu akisubiriwa namna ile hujikuta anaongeza maneno. Nikasema mgongo, na pia heshima ya ndoa.

Shemeji aligeukia dirishani akaangalia nje kwa muda mrefu. Nje kuna tangi la maji tu.

4. Lalamiko la nne nimeliondoa baada ya kushauriana na mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa lalamiko lenyewe. Naomba tu ieleweke kwamba maneno "Kumbe ule unga ulikuwa unaumeza?" hayakuhitaji mshangao ule.

5. Kwamba jina langu limechanika na halishoneki.

Shemeji hukaa nasi kwenye benchi. Sina la kuongeza juu ya namna habari zilivyosafiri. Kesho yake jioni benchi zima lilikuja kunitazama, wakiongozwa na seremala, wakasimama kukizunguka kitanda kwa nyuso za msiba. Hawaniiti tena Chuma. Wananiita Famasi. Seremala aliniuliza kama ninayo ya goti.

Ningelivumilia hilo, kwa kuwa mimi mwenyewe nimewapa watu majina mabaya zaidi. Lililonichoma lilikuja wakati wa kuaga. Wenzake walipotangulia mlangoni, seremala alibaki nyuma, akanong'ona kwamba na yeye anayo. Ana sukari. Dawa zake anazificha kwenye mkebe wa misumari, na ile tabia yake ya kwenda nyuma ya mbao kila jioni, ambayo mimi nimeitania miaka yote kuwa ni kibofu, alikuwa anakwenda kumeza. Hakutaka nimwone. Alisema siku nyingine nikiwa nimekaa sana pale, haendi kabisa, anaruka dozi, kwa sababu ya kicheko changu.

Aliyasema haya huku akitabasamu, kama anayenifurahisha. Mimi nilijisikia vibaya sana, Mheshimiwa, na kujisikia vibaya si ugonjwa nilioandikiwa kuja kutibiwa hapa. Kama binti asingeuliza, kopo lisingekuja, benchi lisingecheka, na seremala angeendelea kwenda nyuma ya mbao bila kunisumbua moyo. Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Methali hiyo nimeitumia mara nyingi kuwasema wengine. Lakini ukiitazama vizuri ina faraja yake, maana kwenye kilio chako mwenyewe hupo, na aibu wanaachiwa ndugu.

6. Kwamba upasuaji wangu umeahirishwa kwa sababu ya kupendwa.

Hili ndilo lalamiko kubwa. Yale mengine nimeyaweka mbele kama pamba ya kujazia mabega ya koti.

Nina dada mmoja, mkubwa wangu. Mama yetu alitulea kwa sheria moja tu: hakuna kitu kinachomalizwa na mtu mmoja. Mkate ulikatwa katikati, ndizi katikati, penseli katikati, hata kipande cha sabuni. Njia pekee iliyokubalika ya kukataa nusu yako ilikuwa kusema umeshiba. Dada alisema ameshiba mara nyingi sana, hasa siku ambazo mkate ulikuwa mdogo, na mimi nikala nusu zote mbili nikiamini kwamba wasichana hushiba upesi. Mimi sikumbuki kuwahi kusema nimeshiba. Hadi leo anaishi chumba cha upande wa pili wa ua wetu, na hadi leo tunakata katikati.

Mguu wake ulipovimba alikuja hapahapa kwako. Akaambiwa damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, akapewa vidonge vya kuizuia isiendelee kuganda, ameze kimoja kila siku asikose. Aliporudi alikuja moja kwa moja karakanani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniomba mkasi. Nikadhani anataka kukata uzi. Akatoa kidonge, akakikata katikati kwa mkasi wangu mkubwa wa suti, akanipa nusu. Alikuwa amenisikia nikilalamika kwamba miguu inaniwaka kwa kukanyaga cherehani. Dawa ya miguu imepatikana, ndivyo alivyowaza, na ndugu yake je?

Nikaipokea. Sikuuliza chochote. Tangu hapo kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la karakana, dada huvuka ua, huchukua mkasi, hukata, na tunameza kwa glasi moja ya maji, yeye kwanza kisha mimi. Halafu hukaa kidogo akanieleza nani kagombana na nani. Naipenda saa hiyo kuliko saa nyingine yoyote ya siku. Nimeandika hivyo ili ujue, kwa sababu yeye sijawahi kumwambia.

Basi binti alipokifikia kile kinusu kimoja kilichokuwa kwenye kopo, cha asubuhi niliyoambiwa nije huku tumbo tupu, akauliza nusu nyingine iko wapi, nilimsimulia habari hii yote kwa majivuno. Nilitaka ajue kwamba pamoja na vifungo na unga wa stendi, yuko mbele ya familia ya watu. Nilitegemea atafurahi. Badala yake aliacha kuandika, akailaza kalamu juu ya karatasi, katikati ya vifungo na vidonge, akaniuliza:

"Mzee, na yeye anabaki na nini?"

Nikamwambia, "Anabaki na nusu."

Neno hilo nimelisema tangu utotoni. Siku hiyo nililisikia.

Hakunifokea. Alinieleza taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Kwanza kuhusu mimi: kwamba dawa hiyo huizuia damu kuganda, na kwamba daktari angenipasua nikiwa nayo mwilini, damu ingeweza kutoka isikatike upesi, na wao wasijue kwa nini, kwa kuwa kwenye karatasi ingekuwa imeandikwa "hakuna". Kwa hiyo nimeahirishwa mpaka initoke mwilini. Hilo nililielewa. Ni damu yangu, na uongo ulikuwa wangu, vinalingana. Pili kuhusu dada: kwamba nusu ya dozi haimkingi mtu nusu. Inaweza isimkinge kabisa. Lile donge la mguuni linaweza kukua, linaweza kusafiri na damu likaziba kwenye mapafu. Akaniuliza mguu wake ukoje sasa. Nikakumbuka kwamba wiki hizi amekuwa akivuka ua polepole huku ameshika ukuta, na mimi nilimtania kwamba anatembea kama bibi harusi.

Lalamiko langu ni kwamba swali la namna hiyo haliulizwi mtu aliyelala. Kabla ya hapo nilikuwa mgonjwa wa ngiri. Baada ya hapo nimekuwa mtu aliyekuwa akila uzima wa dada yake kila asubuhi na kuushushia kwa maji. Mliniandikia ngiri tu kwenye cheti changu cha kulazwa. Hili la pili mmenipa ninyi.

Nilimpigia dada simu papo hapo. Nilimwambia ameze kizima kuanzia leo na aje hospitali mguu uangaliwe. Alicheka. Alisema yeye hana neno, umevimba kidogo tu kwa sababu ya kukaa, na kwamba mtu aliyelazwa hatakiwi kuwahangaikia walio nyumbani. Kisha akanituliza, Mheshimiwa, akidhani nilichopigia simu ni fungu langu. Alisema nisiwe na wasiwasi. Anaendelea kukata kila siku kama kawaida, na nusu zangu zote ananiwekea. Amezifunga kwenye pindo la nguo yake ili nisipunjike nikirudi.

Nilikata simu nikajifunika shuka usoni. Dereva wa lori aliniuliza kama kuna msiba, na kwa mara ya kwanza tangu nilazwe hakucheka.

7. Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo.

Kwanza, hospitali ipige marufuku kumuuliza mgonjwa habari za dawa zaidi ya mara moja. Akisema hakuna, iandikwe hakuna, naye apasuliwe kwa heshima. Kama kuna lolote litakalotokea, litokee likiwa na maelewano.

Pili, kwa kuwa kuuliza mara moja nako kunaweza kumfanya mtu akumbuke, ni bora kuacha kuuliza kabisa. Mtu mzima anajua kinachoingia tumboni mwake, isipokuwa pale kinapokuwa kifungo.

Tatu, binti huyu ahamishiwe wodi ya watoto wachanga. Kule atakaa kwenye kiti chake na kusubiri apendavyo, na hakuna atakayeongeza neno, kwa kuwa wale bado hawajapata jirani wa kuwapa dawa.

Nne, nipewe cheti chenye muhuri, kinachothibitisha kwamba mwenye cheti hiki ni Chuma na hajawahi kumeza kidonge. Nitakitundika karakanani juu ya cherehani. Najua wewe ni mtu mkweli, kwa hiyo nimekuandalia maneno yasiyokusumbua dhamiri: "Hajawahi kumeza kidonge, isipokuwa vilivyotajwa nyuma ya cheti hiki." Nyuma hakuna atakayesoma, kitakuwa ukutani. Kama nafasi ya nyuma haitatosha, inaweza kuongezwa karatasi.

Tano, nirudishiwe kopo langu. Vidonge mbaki navyo, nimechoka navyo. Lakini kuna gauni la mteja linasubiri vifungo, na mteja mwenyewe ni yule niliyekwisha kumtaja, ambaye hugombana.

Namaliza hapa kwa kuwa sindano imefika. Nisalimie madaktari wote, hasa yule mwenye mkono mzuri asiyekaza mwisho wa uzi. Nisalimie wauguzi wa zamu zote, mama wa usafi anayesogeza viatu vyangu na kuvirudisha kila kimoja upande wake, na mlinzi wa getini aliyemzuia shemeji kuingia nje ya saa za kuona wagonjwa. Huyo apandishwe cheo. Na binti naye nisalimie, ingawa nimemshitaki. Nabaki kuwa mgonjwa wako mtiifu, kwa sehemu zile zilizobaki.

Fundi wa nguo, kitanda cha dirishani,
zamani Chuma, kwa sasa Famasi.

Tanbihi. Nilikuwa nimeshaanza kuikunja barua hii, mke wangu akapiga simu. Asubuhi hii dada ameshindwa kuvuka ua. Amekubali kuletwa, shemeji yuko njiani naye, atapokelewa wodi ya wanawake kabla ya mchana.

Naomba malalamiko yote niliyoyaandika hapo juu yasifanyiwe kazi. Binti asihamishwe popote. Apelekwe wodi ya wanawake sasa hivi, yeye mwenyewe si mwingine, na kiti chake. Dada atamwambia hatumii dawa yoyote. Atalisema vizuri kuliko mimi, kwa kicheko na kwa upole, na mtatamani kumwamini; tumelelewa nyumba moja. Msiandike "hakuna". Aulize tena. Aulize cha kupaka, aulize cha jirani, aulize kilichofungwa kwenye pindo la nguo upande wa kushoto. Na akinyamaza, binti asubiri. Asubiri hivyo hivyo alivyonisubiri mimi. Kwetu tumezoea kumpa mtu nusu ya kila kitu, na jibu pia atawapa nusu, kwa hiyo asiondoke pale bila ile nusu ya pili.

Akiuliza habari zangu, na ataniulizia kabla hata hajavuliwa viatu, mwambieni naendelea vizuri. Na akitaka kufungua lile pindo aniletee nusu zangu, mwambieni ndugu yake amesema ameshiba.